Nimegongwa ubavuni nikitoka njia ya ndani: kosa ni la nani, na fidia naidai wapi?

BintiBububu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hii ni wiki ya pili silali vizuri kwa ajili ya jambo hili, na ninaomba ushauri wa wanaojua, kwa sababu wa kukisia nimeshaupata mwingi nyumbani.

Siku ya Alkhamisi, kiasi cha saa kumi na nusu jioni, nilikuwa nikitoka kwa mama yangu, ambaye nyumba yake, hapa Unguja, iko upande wa baharini wa barabara itokayo mjini kwenda Mahonda, baina ya Bububu na Chuini. Njia ya kutokea kwake ni ya kifusi na inapokutana na lami hapana kibao chochote. Mama alikaa nyuma ya kiti changu, kwa kuwa mguu unamsumbua na huko nyuma hupata nafasi ya kuunyoosha. Nilitaka kukata kulia kuelekea mjini. Daladala lililokuwa likitoka mjini lilisimama kushusha abiria karibu kabisa na mdomo wa njia yetu, upande wangu wa kulia, likanizibia macho. Dereva wake akaniwashia taa mara mbili na kunionesha kwa mkono kwamba nipite.

Nikasogea taratibu mbele ya lile daladala, nikatazama kushoto, ambako ndiko yanakotoka magari yanayokwenda mjini, nikaona kweupe, nikaingia. Hapo hapo gari aina ya Noah iliyokuwa ikilipita daladala kwa kutumia upande usiokuwa wake ikanipiga ubavu wa kulia, baina ya mlango wangu na mlango wa nyuma. Mimi nilitoka na michubuko ya mkono. Mama alivunjika mfupa wa mtulinga na bado amefungwa mkono shingoni. Hakuwa amefunga mkanda, na hilo nalisema mapema ili nisije nikaulizwa.

Askari walikuja, wakapima, wakatuandika. Mmoja wao aliniambia pale pale, mbele ya watu, kwamba aliyetoka njia ndogo ndiye mwenye kosa na kwamba ni bora nikubali, nilipe faini, yaishe. Siku ya tatu ami yake yule kijana wa Noah alikuja nyumbani na karatasi. Hakuzungumza na mimi, alizungumza na mume wangu. Karatasi inasema kwamba tutapokea shilingi laki nne kwa ajili ya matibabu ya mama na kwamba baada ya hapo hakuna atakayemdai mwenziwe kitu chochote, na anataka tuitie saini mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu. Fundi ananitaka milioni tatu na laki sita kwa milango, nguzo na rangi. Sote wawili tuna bima ndogo.

Naomba kujua: je, ni kweli kosa lote ni langu? Nikikubali kosa polisi, nitakuwa nimejifungia mlango? Na mama, ambaye hakuwa akiendesha chochote, haki yake iko wapi?

DerevaWaNjiaKuu

Pole sana dada, na Mungu ampe mama afya. Lakini nitasema kweli kwa sababu umeiomba. Mimi huendesha njia hiyo kila siku na kila siku kuna mtu anayechomoza kutoka kwenye vichochoro vya kifusi kana kwamba barabara kuu ni uwanja wa nyumba yao. Anayetoka njia ndogo husubiri mpaka barabara iwe tupu pande zote mbili. Taa ya dereva wa daladala si taa ya trafiki, na yeye hana mamlaka ya kukugawia barabara ambayo si yake peke yake. Kijana wa Noah alikuwa akilipita gari lililosimama, jambo ambalo sote hulifanya, la sivyo tungefika Mahonda usiku wa manane. Chukueni hizo laki nne.

MzeeWaUsukani

Mwanangu BintiBububu, pole, na mpe mama salamu. Nimefundisha watu udereva kwa zaidi ya miaka ishirini, na ajali ya ubavuni ndiyo inayonipa kazi kubwa kuieleza, kwa sababu watu wameshika kanuni mbili ambazo kila moja ni nusu ya kweli. Ya kwanza ni kwamba anayegonga ndiye mwenye kosa. Hiyo hufaa zaidi pale gari linapoligonga jingine kwa nyuma, maana wa nyuma alitakiwa kuacha nafasi. Ya pili ni hiyo aliyoambiwa dada huyu, kwamba aliyetoka njia ndogo ndiye mwenye kosa. Hii ina uzito mkubwa zaidi, ila haimalizi mambo.

Kwenye ubavu swali la kuuliza ni hili: katika nafasi ile, kwa wakati ule, nani alikuwa na wajibu wa kusubiri, na je, mwenziwe alikuwa mahali anapotarajiwa kuwa? Gawa tukio hili vipande viwili. Kipande cha kwanza ni wewe. Ulitoka njia ndogo, ukakata kulia, ukakatiza upande mmoja wa barabara ili uingie wa pili, na macho yako ya kulia yalikuwa yamezibwa. Wajibu wa kusubiri ulikuwa wako, na DerevaWaNjiaKuu amesema sawa kuhusu taa: ishara ya dereva mwenzio maana yake ni kwamba yeye hatakugonga, haina maana ya kwamba hakuna mwengine atakayekugonga. Ulichotakiwa kufanya ni kusogea mpaka pua ya gari ilingane na ubavu wa nje wa daladala, usimame tena hapo, uchungulie kulia, kisha ndipo uendelee. Katika maelezo yako sikuona kusimama kwa mara ya pili. Kama ulisimama, andika. Kama hukusimama, usibuni.

Kipande cha pili ni yule kijana. Kulipita gari lililosimama si kosa kwa nafsi yake, lakini kulipita kwenye mdomo wa njia panda, ukiwa upande wa magari yanayokuja, huku huoni kilichoko mbele ya hilo gari kubwa, ni jambo ambalo kila mwanafunzi wangu hulikatazwa tangu wiki ya kwanza. Daladala lililosimama linashusha watu, na watu hao huvuka. Angekuwa mtoto wa skuli badala ya gari lako tungekuwa tunazungumza mazishi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hukata takriban mita 14 kwa sekunde moja, na kwa kilomita 80 hukata mita 22, nayo sekunde hiyo moja ndiyo inayopotea kabla mguu haujafika kwenye breki. Basi mwendo wake ni jambo la kulitafutia ushahidi.

Tena nakuuliza swali moja ambalo linaweza kugeuza kesi: pale mlipogongana, mstari wa katikati ya barabara umekatika-katika au umenyooka bila kukatika? Kama umenyooka, hakuwa na ruhusa ya kuuvuka ili kulipita gari jengine. Rudi ukatazame asubuhi jua likiwa chini, maana rangi iliyofifia huonekana vizuri kwa mwanga wa ubavu.

Na hilo daladala nalo lisisahauliwe. Aliyelisimamisha mdomoni mwa njia panda ana lake la kujibu, hata kama ni dogo.

FundiBodi

Assalaam alaykum. Mimi si mwanasheria, nanyoosha mabodi, lakini bodi husema. Kabla fundi hajaligusa gari lako, piga picha nyingi: za mbali zinazoonesha gari zima na namba yake, na za karibu ukiwa umeweka futi au hata rula ya mtoto pembeni ya bonyeo. Fundi akishavuta mlango ule kwa mnyororo, shahidi wako amekufa.

Tazama mambo matatu. Fenda ya mbele ya kulia ni nzima? Kama ni nzima na pigo limeanzia katikati ya mlango wako, basi pua ya gari ilikuwa imeshavuka mstari wa Noah kabla ya kugongana, yaani hukumrukia ghafla usoni. Pili, michubuko ya rangi inaelekea wapi? Ikiwa imetoka mbele kwenda nyuma ya mlango, ulikuwa umeshaanza kukata kona. Ikiwa ni shimo tu, bila michubuko ya kuburuza, ulikuwa umekaa wima barabarani. Tatu, vioo. Kioo cha mlangoni kikivunjika huwa punje punje kama chumvi ya mawe, na punje hizo humwagika karibu sana na mahali pa pigo. Hata baada ya wiki mbili utazikuta kwenye nyufa za lami na kwenye ukingo. Zikiwa upande wa magari yaendayo mjini, hakuna atakayesema kwamba Noah ilikuwa upande wake.

Kuhusu bei, milioni tatu na laki sita si ya kushangaza ikiwa nguzo ya kati imeingia ndani. Kule mbele gari lina bampa, injini na bonneti vya kupunguza pigo kabla halijakufikia, lakini ubavuni baina yako na mwenzio pana mlango tu, upana wa shubiri. Ndiyo maana mama yako ameumia na wewe umechubuka. Akikwambia fundi kwamba nguzo itanyooshwa na kupakwa rangi kwa laki tatu, mkimbie.

KaraniWaMadai

Nimefanya kazi ya kupokea madai ya bima kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajikita kwenye karatasi, kwa sababu madai mengi niliyoyaona yakianguka yaliangushwa na karatasi kuliko sheria.

Tuanze na hiyo inayoitwa bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu. Bima hii haimtengenezei mwenye nayo gari lake. Inamlinda asidaiwe na watu aliowaumiza au kuwaharibia mali. Kwa hiyo bima yako wewe haitakutengenezea milango, lakini kwa bima ya yule kijana wewe ndiye mtu wa tatu, na yeye kwa bima yako ni vivyo hivyo. Dai lako la gari linakwenda kwenye kampuni iliyolikatia bima Noah. Usitegemee stika ya kwenye kioo wala maneno ya ami. Bima ya gari huhakikiwa mtandaoni kwa namba ya usajili kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na TIRA ina ofisi hapa Zanzibar pia. Angalia kama bima ya Noah ilikuwa hai siku ya ajali, na ilikatwa kwa matumizi gani, kwa sababu gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halafu likawa linabeba abiria wa kulipa huleta mgogoro wake.

Pili, nenda kaitaarifu na kampuni yako mwenyewe, hata kama hudai kitu kwao. Yule kijana anaweza kukudai kesho, na hati nyingi za bima zina sharti kwamba utoe taarifa mapema na usikiri kosa wala usiahidi malipo bila ya idhini yao. Ukisaini karatasi inayosomeka kama kukiri, unaweza kuiachia kampuni yako sababu ya kukukana. Isome hati yako yote, pamoja na ile kurasa ya nyuma yenye maandishi ya sisimizi ambayo hakuna anayeisoma, ili ujue pia inasema nini juu ya abiria waliomo ndani ya gari lako.

Tatu, kusanya hizi: ripoti ya polisi ya ajali, ambayo ni fomu PF 90, mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa magari yote mawili, nakala ya PF 3 ya mama, yaani fomu ya polisi ya matibabu, na ripoti ya daktari, leseni yako, kadi ya gari, makadirio ya fundi yaliyoandikwa na kugongwa muhuri, na kila risiti. Risiti ya dawa, risiti ya picha ya mfupa, na nauli za kumpeleka mama kliniki ziandike kwa tarehe kwenye daftari siku ile ile. Kampuni itamtuma mkaguzi wake alitazame gari, na makadirio yake aghalabu huwa chini ya ya fundi wako. Kwa hiyo pata makadirio ya gereji mbili, si moja.

Nne, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimewaona akina mama wengi wakilia mbele ya meza yangu: siku ya kulipwa utapewa hati ya kuachilia madai. Ukishaisaini, umemaliza. Usiisaini kwa niaba ya mama wakati bado hamjajua kama mfupa utaunga vizuri au atahitaji kupasuliwa. Dai la gari na dai la jeraha vinaweza kutenganishwa. Omba vitenganishwe kwa maandishi.

Karatasi ya ami ni hati ya kuachilia madai iliyovaa kanzu. Laki nne huenda isitoshe hata matibabu, na inafuta kila kitu, pamoja na gari.

BintiBububu

Ahsanteni nyote, na DerevaWaNjiaKuu sikukasirikii, kwa sababu maneno yako ndiyo aliyoyasema mume wangu usiku ule.

Leo asubuhi, saa moja kasoro, nilikwenda na mdogo wangu pale mahali. Mzee wangu, sikusimama mara ya pili. Nilipunguza mwendo, lakini sikusimama, na sitaandika kwamba nilisimama. Mstari wa katikati upo na umenyooka bila kukatika. Umefifia sana mbele ya mdomo wa njia yetu, ila ukiinama unaonekana mpaka unapofika kwenye muembe. Mdogo wangu ameupiga picha kutokea pande zote mbili. Punje za kioo tumezikuta kama alivyosema fundi, zimekusanyika kwenye ufa, upande wa magari yaendayo mjini, hatua nne kutoka kwenye mstari. Fenda yangu ya mbele ni nzima, hata taa haikupasuka, na michubuko inatoka mbele kwenda nyuma mpaka kwenye kitasa cha mlango wa mama.

Muuza duka wa upande wa pili anasema kamera yake inatazama mlangoni kwake tu. Lakini ametuelekeza kwa utingo wa lile daladala, ambaye hunywa chai kwake kila asubuhi, na yeye amesema yuko tayari kueleza alichokiona. Anasema Noah ilikuwa nyuma yao tangu Bububu, ikipiga honi.

Sasa naomba mwenye kujua sheria anieleze lile la kukubali kosa polisi.

MsaidiziWaSheria

Dada, umefanya jambo ambalo wengi hulifanya baada ya mwaka, wakati barabara imeshapigwa lami mpya. Nitakujibu kwa mpangilio wa maswali yako, ingawa la mwisho ndilo lenye haraka.

Usikiri kosa kwa ajili ya kumaliza. Kesi ya usalama barabarani ni ya jinai, baina yako na Serikali, na mwisho wake ni faini au adhabu nyengine. Dai la fidia ni la madai, baina yako na mwenye Noah. Ni kesi mbili, lakini ya kwanza huvujia kwenye ya pili: ukikiri mahakamani kwamba uliendesha kwa uzembe, kukiri huko kunaweza kuletwa dhidi yako siku utakapodai fidia, na kujitetea kwako kutakuwa kugumu. Kinyume chake hakiko sawasawa. Ukiachiwa huru kwenye jinai, hiyo haimaanishi kwamba huna uzembe wowote, kwa sababu jinai hutaka ithibitishwe pasi na shaka ya maana, na madai hupimwa kwa mizani ya upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Kauli ya askari pale barabarani ni maoni yake tu, hukumu haijatolewa. Una haki ya kuandika maelezo yako kwa ukamilifu, kuyasoma kabla ya kuyasaini, na kuomba shahidi wako aandikwe. Mpeleke utingo haraka, kabla hajahamia gari jengine, na picha za mstari na za punje zipeleke pamoja naye, uombe zioanishwe na mchoro.

Kuhusu kosa kuwa lako lote, sheria inatambua uzembe wa kuchangia, na mahakama inaweza kuligawa kosa kwa mafungu. Nitoe mfano wa kuelewesha tu, msije mkaunukuu kama hukumu: tuseme gari lako limeharibika kwa 3,600,000, la kijana kwa 2,000,000, na ikaonekana kwamba wewe una asilimia 40 ya kosa na yeye 60. Utastahiki 2,160,000 kutoka kwake, na yeye atastahiki 800,000 kutoka kwako, ambazo ndizo bima yako inatakiwa kuzibeba. Sitakisia fungu lako halisi. Ninachokiona ni kwamba kutosimama mara ya pili kutakugharimu, na kuuvuka mstari ulionyooka mdomoni mwa njia panda kutamgharimu yeye zaidi.

Mama ana nafasi bora kuliko wote wawili. Abiria hakuendesha, basi kosa likigawanywa baina ya madereva, yeye halipunguziwi kwa sababu ya uzembe wako. Anaweza kumdai kijana, na kwa kanuni anaweza kukudai hata wewe, jambo ambalo najua litakuchekesha, lakini maana yake ni kwamba bima zote mbili zihusike. Mkanda unaweza kumpunguzia kiasi, ikithibitishwa kwamba angeufunga asingevunjika, na kwa pigo la ubavuni lililomfikia moja kwa moja mlangoni hilo si jambo la kuthibitisha kwa urahisi. Dai lake lina sehemu mbili: gharama halisi, ambazo lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe kwa risiti, na fidia ya jumla ya maumivu na kupungukiwa na uwezo, ambayo hakimu huipima mwenyewe. Kama alikuwa akiuza vitumbua au akishona na sasa hawezi, andika hasara hiyo pia.

Sheha anaweza kushuhudia saini na kusaidia watu wakae pamoja, na suluhu si jambo baya, ila hawezi kuamua nani mwenye kosa barabarani. Mahakama ya Kadhi nayo haihusiki hapa. Jambo hili likishindikana kwa mazungumzo litakwenda mahakama za kawaida, na ngazi yake hutegemea kiasi mnachokidai. Kabla ya hapo, kampuni ya bima ikikataa bila sababu au ikikuzungusha, peleka malalamiko TIRA kwa maandishi, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama wakili ni gharama, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwa kikiwasaidia watu tangu mwaka 1992, Unguja na Pemba.

La haraka ni hili: mwambie mume wako kwamba karatasi haisainiwi. Mama ni mtu mzima mwenye akili zake, na hakuna mwengine anayeweza kuliachilia dai lake, si mkwe wala sheha.

MpembaWaMachomanne

Nathibitisha la MsaidiziWaSheria. Kaka yangu aligongwa ubavuni huku Chake Chake akiwa kwenye vespa, akasaini karatasi ya laki mbili kwa heshima ya wazee waliokuja, na goti lake likaja kupasuliwa miezi mitatu baadaye. Kampuni ya bima ilimtolea karatasi ile ile na kumuonesha saini yake. Wazee wale bado tunasalimiana nao.

DerevaWaNjiaKuu

Kama mstari umenyooka pale, basi naondoa nusu ya maneno yangu. Nusu nyengine naibakisha: angesimama mara ya pili.

BintiBububu

Ni haki yako kuibakisha.

Nimeirudisha karatasi kwa ami leo magharibi, mimi mwenyewe, mume wangu akiwa amekaa pembeni. Nilimwambia kwa adabu kwamba tutasubiri ripoti ya polisi na ya daktari, na kwamba akitaka suluhu, nafasi iko wazi tena akishazileta namba za bima ya Noah. Hakukasirika sana kama nilivyoogopa. Aliuliza kama mama anaweza kunywa uji, akaomba aingie kumtazama. Mama alimpokea, akamuonesha mkono ulivyofungwa, akamuuliza kijana mwenyewe yuko wapi na kwa nini hakuja.

Jumatatu saa mbili asubuhi nakwenda kituoni na utingo. Picha nimezichapisha, rula ikionekana. Gari halijaguswa, nimelifunika turubali.

MzeeWaUsukani

Kwenye maelezo yako, mwanangu, anza na daladala lilipokuwa limesimama na umbali wake kutoka mdomo wa njia, kwa hatua. Watu huanza na pigo, na kila kilichotangulia husahauliwa kuandikwa.